Mashua ya kusindikiza

Mashua ya kusindikiza ni chombo cha majini kinachofuatana na vyombo vidogo zaidi katika safari ya mto, ziwa au bahari. Kazi yake ni kubeba mizigo, kuwapa wasafiri mahali pa kupumzika na kuwaokoa wanapopata ajali. Vyombo vinavyosindikizwa huweza kuwa mitumbwi, kayaki, au mbao za kupigia kafi. Ubao wa kupigia kafi ni ubao mpana unaoelea, ambao mtu husimama juu yake na kujisukuma kwa kafi refu lenye bapa moja. Chombo kinachosindikiza huwa ni mashua ya tanga, boti ya injini, au mashua yenye vyote viwili.

Katika safari ya mtoni mashua ya namna hii ina mpaka ambao msafiri asiye na uzoefu husahau: inasaidia pale tu inapoweza kufika. Penye maporomoko, maji haba au matete mengi, mashua hugeuka kuwa mzigo, na msaada wa kweli hutoka kwa watu walioko nchi kavu. Historia ya njia ya misafara kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ina mifano mingi ya jambo hilo, na mifano hiyo bado inamfaa anayepanga safari ya mto leo.

Kazi za mashua ya kusindikiza

Ubao wa kupigia kafi au kayaki ndogo haiwezi kubeba vitu vingi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mashua ni kubeba maji ya kunywa, chakula, mahema, mavazi makavu, dawa na vifaa vya matengenezo.

Kazi ya pili ni uokoaji. Msafiri aliyechoka, aliyeumia au aliyeanguka majini huchukuliwa na mashua. Ndiyo maana mashua yafaa kuwa na nafasi ya kuwachukua wasafiri wote kwa pamoja, pamoja na vyombo vyao vikikunjwa au kufungwa ubavuni. Mashua iliyojaa mizigo hadi ukingoni haiwezi kuokoa mtu.

Kazi ya tatu ni uongozi. Nahodha aliye juu kidogo ya maji huona mbali kuliko mtu aliyeketi katika kayaki. Aidha, mashua ndiyo hubeba ramani, simu au redio, na taa ya usiku.

Kina, upana na upepo

Mambo matatu huamua kama mashua ya tanga inaweza kufuata mto fulani.

La kwanza ni kina. Ubao wa kupigia kafi huelea katika maji yasiyofika goti, na pezi lake dogo la chini huweza kuondolewa. Mashua ya mbao iliyopakia mizigo huhitaji maji mengi zaidi, hasa ikiwa na mkuku uliochomoza chini. Mahali ambapo mwenye ubao hupita bila kutambua kitu, mashua hukwama katika mchanga.

La pili ni upana. Mashua ya tanga haiwezi kwenda moja kwa moja kuelekea upepo unakotoka, bali hulazimika kwenda mshazari, mara kushoto mara kulia. Katika mto mwembamba hakuna nafasi ya kufanya hivyo. Tanga hufaa zaidi katika mto mpana wa tambarare, karibu na mlango wa mto, na ziwani. Mahali pengine mashua hiyohiyo huendeshwa kwa makasia, kwa pondo au kwa injini.

La tatu ni urefu wa mlingoti. Madaraja, nyaya za umeme na kamba za vivuko huzuia mlingoti uliosimama. Kwa sababu hiyo mashua ya mtoni inapaswa kuwa na mlingoti unaoweza kulazwa.

Historia katika njia ya misafara

Mashua iliyoachwa pwani

Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani ya Tanzania ya leo mwaka 1857 kuyatafuta maziwa ya bara. Walikuwa na mashua ya chuma iliyoitwa Louisa, iliyoundwa kwa vipande ili iweze kubebwa. Lakini wapagazi hawakutosha, na mashua iliachwa nyuma kabla msafara haujaanza safari ya bara.

Msafara ulifika Kazeh, yaani eneo la Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, na Ujiji mwezi Februari 1858. Hapo hasara ya kuiacha mashua ilianza kuonekana. Mwezi Machi Speke alivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi ili kuazima jahazi la mfanyabiashara Mwarabu, Hamed bin Sulayyim, lakini alirudi bila jahazi hilo. Mwezi Aprili wote wawili walielekea kaskazini kwa mitumbwi miwili ya kukodi. Walifika Uvira, lakini wapiga makasia walikataa kuendelea hadi mlango wa mto Ruzizi. Burton na Speke waliambiwa na wenyeji kwamba Ruzizi unaingia ziwani wala hautoki, lakini hawakuuona kwa macho yao.

Waliporudi Kazeh, Speke alielekea kaskazini mwezi Julai 1858, akapita katika nchi ambayo leo ni Wilaya ya Uyui na kufika kusini mwa ziwa aliloliita Victoria. Huko pia hakuwa na chombo. Aliuona upande mmoja tu wa ziwa, akasema kwamba ndilo chanzo cha Nile. Burton hakukubali, na ubishi wao uliendelea kwa miaka mingi. Kama mashua ingekuwapo, sehemu ya ubishi huo ingeweza kumalizwa mapema.

Swali la Ruzizi lilijibiwa mwezi Novemba 1871, pale David Livingstone na Henry Morton Stanley walipofika kwenye mlango wa mto huo kwa mtumbwi wa kuazima kutoka Ujiji, wakaona maji yakiingia ziwani. Baadaye walisafiri pamoja hadi Tabora, na Livingstone alikaa katika tembe la Kwihara hadi Agosti 1872.

Walioshindwa Nyangwe

Magharibi ya Ziwa Tanganyika, katika Kongo ya leo, upo mto Lualaba. Livingstone alifika katika soko la Nyangwe kwenye ukingo wa mto huo mwaka 1871. Alitaka kuufuata aone unakokwenda, lakini hakupata mitumbwi, akalazimika kurudi Ujiji.

Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alifika Tabora Agosti 1873. Huko Ujiji alipata vyombo viwili kwa ajili ya Ziwa Tanganyika: kimoja kikubwa alichokiita Betsy, na kingine kidogo cha kufuatana nacho, alichokiita Pickle. Kwa jozi hiyo alipima sehemu ya kusini ya ziwa, na mwezi Mei 1874 alifika kwenye mlango wa mto Lukuga, ambako maji ya ziwa hutokea kuelekea magharibi. Lakini vyombo hivyo vilikuwa vya ziwani tu. Cameron alipofika Nyangwe Agosti 1874 alikuwa mikono mitupu kama Livingstone, hakupata mitumbwi, na akaendelea kwa miguu kupitia njia ya kusini hadi pwani ya Atlantiki.

Lady Alice

Stanley alitumia njia nyingine katika safari yake ya miaka 1874 hadi 1877. Aliagiza Uingereza mashua ya mbao za mwerezi yenye urefu wa futi 40, yaani karibu mita 12, na upana wa futi 6. Mashua hiyo, Lady Alice, ilikuwa na tanga na makasia, na ilifunguka vipande vipande. Ilipofika Zanzibar ilionekana kwamba vipande vilikuwa vizito kuliko ilivyotarajiwa, ikabidi fundi seremala avikate upya.

Uzito ulikuwa jambo kubwa kwa sababu kila kitu kilibebwa na binadamu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi katika njia ya misafara ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Kipande cha mashua kilizidi kiasi hicho mara kadhaa, tena hakikunjiki wala hakigawanyiki. Wabebaji wa mashua walilazimika kwenda wawili wawili au zaidi, na mahali pengine njia ilibidi ikatwe kwa shoka ili vipande vipite.

Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 ukiwa na watu zaidi ya 300, wengi wao Waungwana wa Zanzibar na pwani pamoja na Wanyamwezi. Mwezi Machi 1875 mashua iliungwa kusini mwa Ziwa Victoria, ikalizunguka ziwa na kurudi tarehe 6 Mei. Katika mzunguko huo mashua ilienda peke yake, bila chombo cha pili. Ilipofika kisiwa cha Bumbire, mwezi Aprili, wenyeji walichukua makasia yake, na mabaharia waliponea kwa kung'oa mbao za ndani na kuzitumia kama makafi. Agosti Stanley alirudi huko na kundi la mitumbwi akawapiga risasi watu wengi wa Bumbire, tendo lililolaumiwa hata Uingereza.

Kutoka Ziwa Victoria msafara ulielekea kusini. Mwezi Aprili 1876 ulipita katika eneo lililokuwa chini ya Mirambo, mtawala wa Wanyamwezi aliyepigana na Waarabu wa Tabora, na Stanley alifanya naye undugu wa kuchanjiana. Bila maafikiano hayo njia ya Ujiji isingekuwa salama kwa mashua wala kwa wabebaji wake.

Katika Ziwa Tanganyika, mpango ulikuwa tofauti na ule wa Ziwa Victoria. Tarehe 11 Juni 1876 Lady Alice iliondoka Ujiji ikifuatana na mtumbwi mkubwa ulioitwa Meofu, ambao Stanley aliuazima kutoka kwa Mwinyi Heri, liwali wa Ujiji. Vyombo hivyo viwili vililizunguka ziwa kwa siku 51 na kurudi tarehe 31 Julai. Safari hiyo ni mfano mzuri wa chombo kimoja kusindikizwa na kingine.

Mtoni mambo yaligeuka. Msafara uliondoka Nyangwe tarehe 5 Novemba 1876 ukisindikizwa na Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kama Tippu Tip. Baada ya siku nyingi za msituni, kundi liligawanyika: baadhi walikwenda kwa mashua, na wengine walitembea ukingoni. Makundi hayo yalipotezana mara kwa mara, kwa sababu mto hupinda na njia ya msituni haifuati kila pindo. Waliokuwa ndani ya mashua walilazimika kusubiri siku nzima wasijue wenzao wako wapi. Mwishoni mwa Desemba Tippu Tip alirudi, na watu waliobaki waliendelea wote kwa maji, wakiwa na Lady Alice na mitumbwi zaidi ya 20.

Mwezi Januari 1877 walikutana na maporomoko saba ya Boyoma, karibu na mji wa Kisangani wa leo. Mashua na mitumbwi vilitolewa majini na kuburutwa nchi kavu kupitia njia zilizokatwa msituni. Baada ya hapo mto ulikuwa mpana na tulivu kwa zaidi ya kilomita 1,000, hadi bwawa la Malebo walikofika tarehe 12 Machi.

Kutoka Malebo hadi baharini ni mwendo mfupi kwenye ramani, lakini mto Kongo huteremka humo kwa mfululizo wa miporomoko. Msafara ulitumia zaidi ya miezi minne katika sehemu hiyo. Tarehe 28 Machi mtumbwi uliombeba kijana Kalulu ulivutwa na mkondo ukatumbukia, na watu wote waliokuwamo walikufa. Kalulu alikuwa ametolewa kwa Stanley huko Tabora mwaka 1871, akiwa mtoto mtumwa. Tarehe 3 Juni alizama Frank Pocock, Mwingereza wa mwisho aliyebaki pamoja na Stanley. Alikuwa na vidonda miguuni, hakuweza kutembea njia ya nchi kavu, akaamua kupita kwa mtumbwi.

Mwishoni mwa Julai, karibu na maporomoko ya Isangila, Lady Alice iliachwa juu ya miamba. Wasafiri walimalizia safari kwa miguu wakiwa na njaa kali. Waliokolewa na chakula kilicholetwa na wapagazi kutoka Boma, baada ya Stanley kutuma barua mbele. Wakati huo msafara ulikuwa umebaki na watu 115. Wengine walikuwa wamekufa kwa maradhi, mapigano na ajali za maji, au walikuwa wametoroka njiani.

Vyombo vilivyopita kwa reli

Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mabega ya wapagazi hayakuhitajika tena kwa kazi hiyo. Meli ya Kijerumani Graf von Goetzen ilijengwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa, ikawekwa katika masanduku kama 5,000, ikasafirishwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli kupitia Tabora. Iliungwa Kigoma na kushushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 imejulikana kwa jina la Liemba.

Mto Malagarasi na matawi yake

Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, ipo katika uwanda wa juu wa Unyamwezi, kaskazini ya mji wa Tabora. Hakuna mto mkubwa wa kudumu karibu nayo. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, na mito mingi ya eneo hilo hujaa wakati huo na kukauka au kubaki madimbwi wakati wa kiangazi. Hata hivyo, maji mengi ya upande wa Tabora huishia Ziwa Tanganyika. Ya kaskazini hupitia mto Igombe na ya kusini hupitia mto Wala na mto Ugalla. Yote huingia katika Malagarasi.

Malagarasi una urefu wa kilomita 475 hivi. Chanzo chake kiko mpakani mwa Burundi na Tanzania. Hupita katika mabwawa na matete mapana, hufika Uvinza penye chumvi iliyojulikana tangu zamani, kisha hukata milima na kuteremka kwa kasi, pamoja na maporomoko ya Igamba ambako kuna mradi wa umeme wa megawati 49.5. Mwishoni huingia Ziwa Tanganyika kusini ya Ujiji, kwa delta yenye mikondo kadhaa. Wasafiri wa misafara walilazimika kuuvuka mto huu kwa mitumbwi ya Wavinza, na kulipa hongo kwa watawala wao kabla ya kuvushwa.

Kwa anayepanga safari, Malagarasi ni mito mitatu katika mmoja. Sehemu ya juu ni ya mabwawa, ambako maji hutawanyika na njia hupotea katika matete. Sehemu ya kati chini ya Uvinza ni ya miamba na maporomoko. Sehemu ya mwisho ni pana na tulivu, na hapo ndipo mashua ya tanga inaweza kuingia kutoka ziwani. Hakuna mashua moja inayoweza kusindikiza safari katika sehemu zote tatu.

Mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi yaliwekwa katika orodha ya maeneo oevu ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2000, yakiwa ya kwanza nchini Tanzania. Sehemu ya bonde la Ugalla ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla mwaka 2019. Maeneo hayo yana viboko na mamba wengi. Kusimama juu ya ubao mwembamba katika maji ya namna hiyo ni hatari kubwa. Safari za humo hufanywa kwa chombo kigumu zaidi na pamoja na askari wa wanyamapori au kiongozi mwenyeji.

Kupanga safari

Kuugawa mto

Hatua ya kwanza ni kuugawa mto katika vipande kwa kutumia ramani, picha za setilaiti na maelezo ya wavuvi. Kila kipande kiandikwe kama mashua inafika au haifiki. Vipande ambavyo mashua haifiki ndivyo vya kupangwa kwanza, kwa kuwa ndivyo vinavyoamua idadi ya watu, uzito wa mizigo na msimu wa safari. Msimu una pande mbili: wakati wa masika maji ni mengi lakini mkondo ni mkali na una magogo, wakati wa kiangazi mkondo hupungua lakini mashua hukwama.

Siku na mizigo

Mtu wa kawaida juu ya ubao huenda kilomita 4 hadi 5 kwa saa katika maji tulivu. Akipiga kafi saa 5 kwa siku, huenda kilomita 20 hadi 25. Kwa hiyo mto wa kilomita 60 huhitaji siku 3 za maji. Ikiwa kuna mahali pa kubeba vyombo nchi kavu, huongezwa siku 1, na siku 1 nyingine huwekwa kwa ajili ya upepo au ugonjwa. Jumla ni siku 5.

Watu 6 wakitumia lita 4 za maji safi kila mmoja kwa siku, kwa siku 5 watahitaji lita 120, ambazo ni kilo 120. Huo ni karibu mizigo minne ya mpagazi wa zamani, kabla ya kuhesabu chakula na mahema. Mashua haihisi uzito huo, lakini penye maporomoko lazima ubebwe na mtu. Kwa sababu hiyo mizigo yote hufungwa katika vifurushi ambavyo mtu mmoja anaweza kuvibeba, na maji ya akiba hupungua sana kundi likiwa na vifaa vya kuchuja au kuchemsha maji.

Mpangilio wa vyombo

Kundi huwa na msafiri wa mbele anayeujua mto na wa mwisho mwenye uzoefu, na hakuna anayewapita hao wawili. Mashua hukaa nyuma katika maji tulivu, ili imwone kila aliyeanguka. Ziwani hukaa upande upepo unakotoka, kwa kuwa ni rahisi kushuka na upepo kumfuata mtu kuliko kupanda dhidi yake. Penye mkondo mkali mashua haifai kuwa juu ya wasafiri, maana inaweza kuwagonga. Hapo waokoaji husimama ukingoni, chini ya mkondo, wakiwa na kamba za kurushia.

Ishara hukubaliwa kabla ya kuondoka: mlio mmoja wa filimbi kwa kuita, milio mitatu kwa hatari, na ishara za mkono kwa kusimama, kwenda kushoto au kulia. Makundi mawili yanapotengana, moja majini na jingine nchi kavu, hupangwa mahali pa kukutania na saa ya kukutania, na pia la kufanya ikiwa mmoja hakufika. Taabu iliyoupata msafara wa mwaka 1876 chini ya Nyangwe ilitokana na makundi kuachana bila njia ya kuwasiliana.

Watu wa nchi kavu

Viongozi wa vijiji vya kando ya mto hujulishwa mapema. Wavuvi ndio wanaojua mchanga umehamia wapi mwaka huu, viboko wanalala wapi, na ni kijito kipi katika delta kinachofika ziwani. Malipo ya kiongozi, ya wabebaji na ya mahali pa kulala huwekwa katika bajeti tangu mwanzo. Gari au pikipiki inayofuata kwa barabara huweza kufika mahali ambapo mashua haifiki, na mara nyingi ndiyo humpeleka mgonjwa hospitalini.

Usalama

Jaketi okozi huvaliwa muda wote, si kuwekwa ndani ya mashua. Kamba inayomfunga mwenye ubao mguuni hufaa ziwani na baharini, kwani humzuia kuachana na ubao wake. Katika mkondo wa mto kamba hiyo inaweza kunasa katika gogo au jiwe na kumshikilia mtu chini ya maji. Mtoni hutumiwa kamba iliyofungwa kiunoni yenye kifungo kinachofyatuka kwa kuvutwa mara moja, au haitumiwi kabisa.

Maporomoko hukaguliwa kwa miguu kabla ya kupitwa. Ikiwa mtu mmoja ana shaka, vyombo hubebwa. Mgonjwa au mchovu hapitishwi majini kwa sababu tu hawezi kutembea. Kama ilivyotokea kwa Pocock, huyo ndiye anayehitaji kubebwa nchi kavu zaidi ya wote. Kanda ya magharibi ina malaria, na maji yaliyotuama yana kichocho, hivyo chandarua na kupimwa baada ya safari ni sehemu ya mpango.

Ziwa Tanganyika huwa na upepo mkali wa kusini-mashariki wakati wa kiangazi, na mawimbi yake huweza kuinuka kwa muda mfupi. Safari inayotoka mtoni kuingia ziwani husubiri asubuhi tulivu na taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Vibali

Nchini Tanzania mashua inayobeba abiria hukaguliwa na kupewa leseni na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Kuingia katika hifadhi za taifa kunahitaji kibali cha Shirika la Hifadhi za Taifa, na katika mapori ya akiba kibali cha Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Nakala ya mpango wa safari, yenye majina ya wasafiri, vituo na siku ya kurudi, huachwa kwa mtu wa nchi kavu ambaye ataanza kuwatafuta siku hiyo ikipita.